Jumatatu Niliyoinyamazia

Wakubwa wa idara waliponiaga walinipa saa ya ukutani. Vijana wa kikosi cha nyaya wao walinipa kazi: niwaandikie yale niliyoyaona. Nadhani walitaka hadithi za dhoruba na transfoma zilizolipuka. Hizo zipo, na nitaanza nazo kidogo, lakini sitaki kuwadanganya. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya umeme hapa Likasi, kuna wiki moja tu ambayo ningeiandika hata kama hakuna aliyeniomba.

Nilitoka shuleni Mulungwishi nikijua kuchora njia za umeme kwa rula na penseli, nikidhani kwamba hiyo ndiyo kazi. Siku ya kwanza Mzee Banza, aliyekuwa mkuu wa kikosi, alivitazama viatu vyangu, akaniuliza harusi iko wapi, kisha akanipa ngazi niibebe. Niliibeba miezi mitano. Kila asubuhi, chini ya nguzo ya kwanza, aliniuliza swali lilelile.

"Mwepu, ule waya uko muzima ao umekufa?"

"Umekufa, Mzee. Wamekata ku kabini ya transfoma."

Basi alininyang'anya koleo na kunirudisha kwenye ngazi. Jibu alilolitaka lilikuwa "sijui". Hujui mpaka umepima. Na ukishapima, unafunga waya wa ardhi pande zote mbili za mahali unapofanyia kazi, ili umeme ukija kwa mlango usioujua, uingie ardhini badala ya kuingia ndani yako. Alinifundisha pia kuipuliza glavu kama puto kila asubuhi na kuiweka sikioni. Ukisikia hata pumzi ndogo ikitoka, itupe. Wakubwa hawakupenda kuona glavu zikitupwa. Mzee Banza aliwaambia waje wazivae wao.

Masika moja nguzo tatu zilianguka kwenye matope upande wa Tshangalele. Tulikaa kule siku nne, maji yakitufika kiunoni, tukila samaki asubuhi, mchana na jioni. Mmoja wetu aliapa hatagusa samaki tena maishani, na nasikia ameoa binti wa mvuvi. Hiyo ndiyo hadithi yangu ya dhoruba. Mzee Banza alipostaafu nilishika nafasi yake, na miaka ikapita bila kikosi changu kumzika mtu. Nilianza kuamini kwamba ni kwa sababu ya akili yangu.

Assani alikuja kwetu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa Mzee Saleh, muuza vipuri vya malori pale Kikula. Familia yao ni Waislamu, watu wa asili ya Kasongo. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kila mara tukimpandishia koleo lilimfikia upande usio wake, naye aliligeuza bila kulalamika. Mwezi wa Ramadhani alipanda nguzo bila tone la maji mdomoni, na nilipomwambia apumzike alijibu kwamba juu kuna upepo, chini kuna mimi. Alikuwa mtu wa kucheka. Tulipokwenda kukata nyaya za wizi mitaani, watu walitutupia matusi, lakini yeye walimpa kiti. Alikuwa na mke, Zaina, na binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Alifanya kazi kwetu kwa majaribio, na mwezi uliofuata angepewa mkataba wa kudumu, kama jina lake lingekuwa safi.

Jumatatu ile tulikuwa Kikula, kwenye nguzo yenye nyaya za wizi nyingi kama nywele zisizochanwa. Tulikata umeme kabini. Nilipima mwenyewe: hakuna kitu. Kisha nikatafuta nyaya za ardhi kwenye gari nikakuta seti moja tu, kwa sababu kibanio cha seti ya pili kilivunjika wiki iliyotangulia na mimi sikukifuatilia. Nilisimama pale nikiwa na seti moja mkononi. Kurudi depo kungetuchukua saa nzima. Jua lilikuwa kali, wanawake wa mtaa walikuwa wameshatuuliza umeme unarudi lini, kisha wakaingia ndani kukimbia joto. Niliifunga ile moja upande wa kabini, nikamwambia Assani apande.

Upande wa pili, nyumba ya nne, kulikuwa na mtu aliyechoka kungoja. Aliwasha jenereta yake bila kujitenga na waya wa mtaa. Umeme wake mdogo ukatoka nyumbani kwake, ukapanda nguzo, ukamkuta Assani.

Sikusikia mlio wowote. Nilichoona ni mgongo wake ukinyooka na kichwa kikirudi nyuma, na mkono wa kushoto ukiwa umeshika waya kama mtu aliyeshika mkono wa mgeni na hataki kuuachia. Nilikimbilia ngazi. Kisha jenereta ikaelemewa, ikazima; mwili wake ukalegea, mkono ukaachia, na mkanda ukamshika asianguke. Nilipanda ngazi bila kukumbuka miguu yangu. Nilipomfikia alikuwa amefumbua macho.

"Shefu," alisema, "nani ananisalimia na nguvu bile?"

Chini alikaa kwenye kivuli cha gari, akanywa maji, akakunja na kukunjua vidole. Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kulikuwa na alama ndogo nyeupe, kama punje ya mchele.

"Twende ku hopitali," nikamwambia. "Daktari asikilize ule moyo."

"Hapana, shefu. Niko muzima. Angalia." Alisimama, akaruka mara mbili. "Tukienda ku hopitali, utaandika mu daftari. Ukiandika, bananitosha ku kikosi, bananifukuza. Mwezi kesho njo contrat yangu. Unihurumie."

Nilimtazama. Na hapa, vijana, naomba msome polepole. Nilijiambia kwamba namsaidia yeye. Lakini ningeandika ajali ile, mstari wa pili wa ripoti ungeuliza: nyaya za ardhi zilifungwa wapi? Jibu la swali hilo lilikuwa langu, halikuwa la Assani. Huruma yangu kwake na woga wangu mwenyewe vilivaa nguo moja siku ile, na mimi nilichagua kuona huruma tu.

"Ukisikia vibaya, uniambie," nikasema.

"Nitakuambia."

Mtu wa tatu kwenye gari alikuwa dereva, naye alikuwa amelala. Hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Jumanne alikuja kazini kama kawaida. Jumatano nilimwona ameegemea ukuta wa depo, nikamuuliza, akasema mtoto hakumwacha alale. Alhamisi mchana alivuka barabara kwenda kula kwa Mama Kaseya, kama alivyofanya kila siku.

Mama Kaseya ni mjane aliyetoka vijiji vya ziwani. Alipika chini ya bati mbele ya depo yetu: bukari, ndio ugali wetu, maharage, samaki. Kikosi kizima kilikula kwake. Alikuwa amezika waume wawili, na kuna watu mjini wanaojua kuhesabu mambo ya namna hiyo. Siku ile Assani alimaliza sahani yake, akainuka kwenda kunawa, akashika ukingo wa ndoo, akaanguka pamoja na ndoo. Nilimsikia Mama Kaseya akiita jina lake. Nilivuka barabara mbio. Uso wa Assani ulikuwa ndani ya maji yaliyomwagika, nami nilimgeuza, nikamsukuma kifua kama tulivyofundishwa, nikasukuma mpaka garini, nikasukuma njia nzima. Hospitalini daktari kijana aliuondoa mkono wangu kwa upole.

"Moyo ulisimama," alisema. "Alikuwa na ugonjwa wowote? Kuna kitu kilimpata siku hizi?"

Watu wa kwao walikuwa wanaingia mlangoni. Zaina alikuwa mbele, bila viatu.

"Sijui," nikasema.

Saa moja baadaye injinia wetu alinipigia simu.

"Mwepu, kulikuwa ajali yoyote ku kazi hii wiki?"

"Hapana, injinia."

"Bien. Basi ni kifo cha kawaida. Tupeleke pole."

Sasa nilikuwa nimedanganya mara tatu: kwa daftari, kwa daktari, kwa mkuu wangu. Uongo wa kwanza huwa mgumu. Uliofuata ulitoka wenyewe.

Nilimsindikiza Mzee Saleh hadi kwake kumpa pole; alikataa mwanawe apasuliwe achunguzwe. Walisema atazikwa kesho yake Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Na jioni ileile ya Alhamisi neno lilikuwa limekwisha kuzunguka mitaa yote ya Kikula: kijana mzima, hana homa, hana jeraha, kala chakula cha yule mjane, kaanguka mbele yake. Unataka kujua nini zaidi?

Ijumaa asubuhi nilifika kwenye kilio na kikosi changu. Wazee walikaa kwenye mikeka uani kwa Mzee Saleh, wanawake ndani, vijana nje barabarani. Hawa wa barabarani ndio walionitia hofu. Walikuwa wengi kuliko ndugu wa familia moja, na hawakuwa wanalia. Mkubwa wao alikuwa Sefu, binamu yake Assani, mtu wa malori, mabega kama mlango. Karibu na mguu wake kulikuwa na tairi kuukuu. Hakuna aliyemuuliza la nini. Sisi sote tunajua tairi la namna ile linatumika kwa kazi gani.

"Kisha kumuzika," nilimsikia akisema, "tunaenda kwa ule mulozi."

Niliketi kwenye mkeka na wenzangu. Nilijiambia nitamwonya Mama Kaseya akimbie. Nilijiambia nitamtuma dereva. Nilikuwa bado napanga njia za kumwokoa ambazo hazingenigharimu kitu, pale nilipomwona ameingia barabarani kwa miguu yake, kitenge kichwani, amebeba sufuria ndogo ya chakula cha wafiwa, kama mila inavyotaka.

Hakuwa amesikia. Au alikuwa amesikia, akaona kwamba kutokuja ni kukiri. Sikumuuliza hata baadaye.

Walimzunguka kabla hajafika kwenye lango. Sufuria ilinyang'anywa, ikafunuliwa. Maharage.

"Umemuletea baba yake pia?" Sefu alisema. "Kijana mumoja haikutosha?"

"Sefu, mutoto yangu, minye nilikuwa namupikia tangu—"

"Usiniite mutoto yako. Kula!"

"Nini?"

"Kula, tuone!"

Alichota kwa mkono. Maharage mengine yalianguka kwenye kifua chake. Alikula. Alichota tena, akala, akiwatazama mmoja mmoja, machozi yakishuka hadi mdomoni na kuchanganyika na chakula. Nilidhani watatosheka. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Ni bile bachawi banafanya! Anakula dawa yake mbele, njo sumu haimufanyi kitu!" Nikaelewa kwamba hakuna jambo ambalo mama yule angeweza kufanya ili aonekane hana hatia. Akila, ni mchawi. Asipokula, ni mchawi. Mtu alimvuta kitenge. Mwingine aliinua lile tairi.

Wazee walikuwa wamesimama, wanaita, "Muache! Muache!" Hakuna aliyewasikia.

Sikumbuki nilivyovuka ule ua hadi barabarani. Nakumbuka nilisimama kati ya Mama Kaseya na tairi, na kwamba lilikuwa linanuka mafuta.

"Si yeye," nikasema. "Ni umeme. Ni umeme, na ni minye."

"Toka, muzee."

"Jumatatu Assani alishikwa na courant ku nguzo, hapa Kikula. Nilikuwa naye. Sikufunga nyaya za ardhi vizuri. Sikumupeleka ku hopitali. Sikuandika. Jana daktari aliniuliza, nikamudanganya. Ule mama hana kosa."

Kelele zilishuka kidogo, kisha Sefu akanishika shingo ya shati.

"Unasema uongo. Unamuokoa bibi yako."

Sikuwa na ushahidi wowote. Daftari lilikuwa tupu, nami ndiye niliyeliacha tupu.

"Kidole," sauti moja ilisema kutoka langoni.

Alikuwa mjomba wa Assani, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa ameosha maiti asubuhi ile. Mikono yake ilikuwa bado na harufu ya karafuu maiti. "Mkono wa kushoto, kidole cha shahada. Kuna alama ya kuungua. Nilijiuliza ni nini."

Sefu hakuniachia, ila mkono wake ulipoteza nguvu. Watu wakafungua njia na Mzee Saleh akaja. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa kanzu nyeupe, na alizungumza Kiswahili cha kwao Kasongo, kilichonyooka, bila kupandisha sauti.

"Siku gani, Mwepu?"

"Jumatatu, Mzee."

"Leo ni Ijumaa."

"Ndiyo, Mzee."

"Jana uliketi nami hapa. Ulishika mkono wangu."

"Ndiyo."

"Mama huyu wangemchoma, ungeniambia lini?"

Nimetafuta jibu miaka hii yote, na sijalipata lililo zuri.

Nilitamani anipige. Mwishowe aligeuka kwa vijana. "Mwanangu hajazikwa, nanyi mnataka niende kwa Mungu wangu na maiti mbili. Ondoeni hilo tairi mlangoni kwangu." Kisha akaokota kitenge cha Mama Kaseya kutoka vumbini, akakikung'uta, akampa kwa mikono miwili. Aliwaagiza wazee wawili wamsindikize hadi kwake na wakae naye mpaka jioni. Mimi aliniambia neno moja tu.

"Keti."

Niliketi. Niliketi pale kwenye mkeka mbele ya watu wote, hakuna aliyenisemesha, mpaka jeneza lilipotoka. Nilifuata nyuma kabisa hadi makaburini. Sefu alikuwa mbele, amebeba, analia sasa kwa sauti kubwa kama mtoto.

Alasiri ile nilikwenda ofisini, nikaandika. Injinia alisoma mara mbili, akaniuliza kama najua ninachojifanyia. Nikamwambia kwamba hilo ndilo jambo pekee nililolijua wiki nzima. Niliondolewa kwenye kikosi, nikapelekwa ghalani kugawa vifaa, na huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu. Kifo cha Assani kiliandikwa kuwa cha kazini, na Zaina na mtoto wakatambuliwa kuwa wa kulipwa fidia. Nilimtafuta daktari yule kijana nikamweleza yote. Alisema inawezekana umeme uliujeruhi moyo, ukaenda vibaya siku tatu, kisha ukasimama. Inawezekana pia alizaliwa na moyo wenye kasoro na angeanguka siku ileile hata kama angekuwa mwuza mikate. Bila kumpima Jumatatu, alisema, hakuna atakayejua. Alisema maneno hayo kwa upole, lakini mimi nililosikia ni hilo tu: bila kumpima Jumatatu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa Mama Kaseya kumwomba msamaha. Alikuwa amerudi kupika palepale. Alinikaribisha kiti, akaendelea kukoroga bukari, mgongo ukiwa kwangu.

"Siku moja mbele ya kufa," alisema, "Assani aliniambia moyo unamurukaruka kama samaki mu kitunga. Nikamuambia, mutoto, mwambie shefu yako." Alikung'uta mwiko ukingoni mwa sufuria. "Akasema: shefu anajua."

Halafu akanipakulia chakula. Nilikula chote.

Mzee Saleh hakuniambia kamwe kwamba amenisamehe. Siku za Idi humtuma mjukuu wake na sahani ya pilau nyumbani kwangu. Mke wangu huipokea na kuirudisha na ndizi ndani. Hatujazungumza zaidi ya hapo, na sidhani tutazungumza.

Ghalani nilikuwa na mamlaka moja tu, nami niliitumia vibaya, kwa maneno ya wengi. Kikosi kisichonionyesha seti mbili kamili za nyaya za ardhi sikukifungulia lango. Walinipigia honi, walinitukana, walipeleka mashtaka kwa injinia. Injinia, kwa sababu zake, hakunizuia. Na nilimwomba aandike amri fupi ibandikwe ukutani: aliyeguswa na umeme, hata kama anacheka, anapelekwa hospitalini siku hiyohiyo, na anayempeleka asimwulize kama anataka.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu, fundi mmoja, Kabange, aliguswa akiwa mtaa wa Panda. Kidogo tu. Alirudi depo anatania, na wenzake walikuwa tayari kumwacha aende nyumbani, kwa kuwa kesho yake alikuwa anaoa. Nilisikia mzaha wao kupitia dirisha la ghala. Nilitoka, nikaziba mlango wa gari kwa mwili wangu, nikamwambia dereva waende hospitalini.

"Muzee, kesho ni harusi yangu!"

"Najua."

"Bakwe banangojea! Bantu bametoka Kolwezi! Weye uko nani? Weye ni muntu wa ghala!"

"Panda ndani ya gari."

Daktari aliona mapigo yamekosa mpangilio, akamlaza siku tatu. Harusi iliahirishwa, vyakula viliharibika, wakwe walikasirika, na bibi harusi alinitumia ujumbe ambao sitauandika hapa. Siku ya nne alitoka, mapigo yake yamekaa sawa. Labda yangekaa sawa hata bila mimi. Hilo nalo hakuna atakayejua.

Walioana mwezi uliofuata. Sikualikwa. Nikikutana na Kabange sokoni, yeye na mkewe na mtoto mgongoni, huvuka upande wa pili wa barabara ili asinisalimie. Mimi husimama, nikamtazama mpaka amepotea kwenye watu.